Sherifu Aliyewatia Watu Pingu Waje Kula

Kwetu Vesper mtu hakaribishwi akakubali. Ukimwambia jirani, "Njoo ule nasi Jumapili," atakujibu, "Aa, sitaki kuwasumbua." Ukirudia, atasema ana kiporo kinamngoja nyumbani. Ukirudia tena, atasema labda wiki nyingine, na hapo nyote wawili mnajua kwamba mazungumzo yamekwisha na kila mtu atakula kwake. Babu zetu walikuja kulima ngano kwenye nyanda hizi za mashariki mwa Kolorado, mahali ambapo upepo haukuwataka, na hawakumwomba mtu hata chumvi. Sisi tumerithi ngano, tumerithi upepo, na tumerithi huo ujinga wa kutoomba chumvi. Nauita ujinga kwa kuwa nina haki. Mimi ni Marlys Dietz, mke wa Harlan mwenye nyumba ya mazishi, na wengi waliokufa nao nimewachana nywele mimi.

Bila kulijua hilo huwezi kumwelewa Wendell Ochsner. Waandishi wa magazeti waliokuja kutoka Denver hawakulijua, ndiyo maana waliandika kwamba kaunti yetu ina sherifu dikteta anayefunga vikongwe.

Dikteta! Mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye mlango wa choo chake mwenyewe.

Wendell alikuwa shemeji yetu. Alimwoa Lorene, dada yake Harlan, na maisha yake yote ya ujana alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Ulimi wake ulikwenda mbio hata hukuweza kutenganisha neno na neno, lakini wafugaji walimwelewa vizuri na ng'ombe wakauzika. Akishuka jukwaani alikuwa mpole, mnene kidogo, mwenye kofia ambayo Lorene alikuwa akiipiga brashi kila Jumamosi. Kisha Lorene akaugua saratani, akafa kabla ngano haijageuka rangi. Tulipeleka chakula kama ilivyo desturi, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini kwa utepe. Wendell akala, akaosha, akarudisha mabakuli yote. Kwetu mabakuli yakisharudishwa msiba umekwisha, hata kama haujaisha. Tangu siku hiyo nilimkaribisha kila Jumapili, na kila Jumapili alinijibu jibu lile lile.

"Marlys, sitaki kuwasumbua."

"Unamsumbua nani, Wendell? Kuku nimeshampika."

"Nina kiporo."

Kiporo cha nini, na jiko lake lilikuwa baridi? Nilikuwa nikikata simu kwa hasira mpaka Harlan anauliza simu imenikosea nini.

Alivyopata usherifu ni kichekesho kingine. Sherifu tuliyemchagua, Royce Tackett, alimkamata mwanamke mmoja kwa kuendesha gari kwa kasi, akampenda, akahamia naye Arizona bila hata kurudisha beji. Muda wake ulikuwa haujaisha, na sheria inasema makamishna watatu wa kaunti wateue mtu wa kuumalizia. Kamishna wa kwanza, Garland Pruitt, alikuwa na mpwa wake, Trent. Wa pili alikuwa na mpwa wake. Wa tatu hakuwa na mpwa, akamleta mkwe. Walikaa kutwa nzima wakibishana mpaka wakaanza kutukaniana mashamba. Wendell alikuwa akipita barabarani, akaona gari lililoachwa taa zinawaka nje ya mahakama. Akafungua mlango wa mkutano, akavua kofia.

"Samahanini. Nani mwenye pikapu ya bluu? Betri itakwisha."

Wakamtazama. Wakatazamana. Hakuwa mpwa wa mtu.

"Ochsner," akasema kamishna wa tatu, "unataka kuwa sherifu?"

"Aa, hapana, sitaki kuwasumbua."

Wakaona huo ni unyenyekevu wa kiongozi, wakapiga kura papo hapo. Wanasema vita vya panzi furaha ya kunguru, ila kunguru wetu hakuwa hata na njaa.

Alipokula kiapo, Harlan alisimama kando yake, maana kwetu mwenye nyumba ya mazishi ndiye huchaguliwa kuwa mchunguzi wa vifo wa kaunti. Kazi hiyo haigombewi na mtu mwingine. Na kuna sheria ya zamani kwamba sherifu anaweza kumkamata yeyote, lakini sherifu mwenyewe hukamatwa na mtu mmoja tu, naye ni mchunguzi wa vifo. Usiniulize kwa nini. Walioitunga wameshakufa, na Harlan hakuwauliza.

"Basi shemeji," Wendell alimwambia, "duniani bosi wangu ni wewe peke yako."

"Kaa mbali nami," Harlan akamjibu. "Wateja wangu hawajazoea kukimbia."

Kashfa ya kwanza ilikuja mapema. Unapomkamata mtu lazima umsomee haki zake: kwamba anaweza kunyamaza, kwamba anaweza kupata wakili na kadhalika. Wendell alizisoma kwa sauti pekee aliyokuwa nayo ya kazi rasmi, sauti ya mnada. Mtu wa kwanza kukamatwa naye alikuwa mfugaji mlevi aliyegonga nguzo ya benki. Wendell akamimina haki zote kwa pumzi moja, na mwishoni mazoea yakamponyoka, akamalizia kama dalali anayefunga bei, "Mara ya kwanza, mara ya pili..." Mfugaji, ambaye alikuwa amenunua ng'ombe kwa Wendell miaka mingi mnadani, akanyanyua kidole kukubali bei. Wakili wake alisimama mahakamani akadai kwamba mteja wake hakujua kuwa amekamatwa, alidhani amenunua kitu. Kesi ikafutwa. Pruitt akaanza kusema kila mahali kwamba kaunti imekuwa mzaha.

Halafu likatokea jambo ambalo halikuwa mzaha.

Emil Weitzel alikuwa mzee mjane wa upande wa kaskazini, huko ambako barabara ni ya changarawe. Januari ile mtu wa posta aliona barua zimejaa kwenye sanduku. Wendell na Harlan wakaenda, mmoja kwa kazi yake na mwingine kwa kazi yake. Walimkuta mezani. Moyo wake ulikuwa umesimama siku kadhaa zilizopita, na nyumba ilikuwa baridi sana hata Harlan akasema ilimtunza vizuri. Alikuwa amevaa shati safi, koti lake zuri, na kofia mapajani.

"Alikuwa anakwenda wapi?" Wendell akauliza.

Harlan akafikiri. Jumapili iliyopita kanisa lilikuwa na mlo wa jioni, na mchungaji alimpigia simu Emil kumkaribisha. Emil alikataa. Sote tulijua alikataa, kwa sababu mchungaji alitusimulia, nasi tulisema, "Ndivyo alivyo Emil," tukaongeza viazi.

"Alikataa," Wendell akasema. "Kisha akavaa koti."

Harlan alinisimulia kwamba shemeji alisimama pale kwa muda mrefu akilitazama koti lile. Mimi nilimchana Emil nywele kesho yake, na nakiri nililia, ingawa sikuwa nimempenda hasa.

Wiki ile ile Wendell alimsimamisha Clifford Bauer barabarani. Clifford ni kapera wa umri wetu, mrefu, mwenye masikio yanayotangulia, na huishi na mashine ya kuvunia ambayo huizungumzia kuliko watu. Taa yake moja ya nyuma ilikuwa imevunjika.

"Cliff, umeshakula?" Wendell akamwuliza dirishani.

"Nina kiporo."

"Kiporo gani?"

"Biskuti."

"Njoo ule na mimi. Nimepika maharage na nyama ya kusaga, na mikate ya mdalasini, ile ya Lorene."

"Aa, Wendell, sitaki kukusumbua."

Wendell akatazama barabara, akatazama taa. Kisha akasema, "Shuka garini. Uko chini ya ulinzi."

"Kwa taa?"

"Kwa taa."

"Huwezi kumfunga mtu kwa taa!"

"Nyoosha mikono, Clifford."

Alimpeleka jela, ambayo kwetu ni vyumba vinne nyuma ya mahakama na jiko la zamani lenye meza ndefu. Akamfungua pingu, akamwekea bakuli. Clifford alikula, akaongezwa, akaongezwa tena, akasimulia habari za mashine ya kuvunia mpaka giza likaingia. Alipoachiwa alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Nisingekuja kama ungenialika," akasema.

"Najua."

"Ila ukikamatwa utafanyaje? Sheria ni sheria."

"Ndiyo hivyo."

"Taa sitaitengeneza wiki hii," Clifford akasema. "Nina shughuli."

Hapo ndipo shemeji yangu alipopata akili ambayo wachungaji wetu wote hawakuipata. Mtu wa hapa hakubali hisani, lakini pingu hazimwulizi kama amekubali. Jumapili iliyofuata alimkamata Clifford tena, na wajane wawili, na mama Opal Fenske, mwalimu mstaafu aliyetufundisha sote kusoma. Kosa la Opal lilikuwa jogoo wake kuwika ndani ya mji. Alifunga mlango wake mwenyewe, akachukua chupa ya matango ya siki, akapanda gari la sherifu kiti cha mbele.

"Wendell, umechelewa," akamwambia. "Jogoo anawika tangu alfajiri."

Kuanzia hapo kaunti ikaingia wazimu. Watu wazima, wacha Mungu, wakaanza kutafuta makosa. Mwenye duka la vyuma aliniambia kwamba hauzi taa tena, anauza nyundo. Mzee mmoja aliegesha trekta mbele ya bomba la zimamoto, akakaa juu yake akingoja. Mwingine alimpigia sherifu simu kujishtaki mwenyewe kwamba ana sauti kubwa. Na Jumapili, baada ya kanisa, ukipita kwenye barabara zetu uliwaona wazee madirishani, wamekaa, wamevaa makoti, wanangoja kukamatwa. Wendell aliwazungukia mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kumwambia asante, maana mtu hamshukuru anayemfunga, na hilo liliwafaa sana.

Jiko la jela likafufuka. Wendell alipika vitabu vyote vya mapishi vya Lorene: kuku wa tambi nene, biroki, ile mikate iliyojazwa kabichi na nyama, keki ya mabua machachu ya ruhubabu. Mwanzoni alipika vibaya, lakini wafungwa walimkosoa bila huruma akajifunza. Nami nilimwona akinenepa upya na kupiga brashi kofia yake. Siku moja nilimpelekea nyama ya nguruwe nikamkuta amesimama kwenye jiko, amewapa wafungwa mgongo, nao mezani wanabishana habari za mvua ya mawe wote kwa pamoja, naye anautabasamia ukuta. Nikaweka nyama nikatoka. Sikutaka anione nimeona.

Jaji hutujia mara moja kwa mwezi kutoka kaunti jirani, ingawa utotoni alisomea kwetu. Alishtuka kukuta ukumbi umejaa watu waliovaa vizuri.

"Mzee Bauer, unakubali kosa?"

"Nakubali, mheshimiwa. Na nitarudia."

"Mama Fenske, kuna mtu amekulazimisha kukubali?"

"Kijana, nimekufunza kuandika jina lako. Kaa vizuri kwenye kiti."

Jaji akauliza kama kuna mlalamikaji hata mmoja. Hakuna aliyejitokeza. Akawaachia wote, nao wakatoka wamenuna.

Mlalamikaji alikuwepo, ila hakuwa mfungwa. Alikuwa Garland Pruitt. Mama mkwe wake, anayekaa nyumbani kwake, alikuwa amekamatwa kwa kuvuka barabara pasipo alama, na aliporudi alisema mbele ya wageni kwamba jela kuna chumvi kwenye chakula. Wiki iliyofuata akavuka tena, mara mbili, akaenda na kurudi, kwa sababu mara ya kwanza Wendell hakumwona. Pruitt akawaita watu wa magazeti. Akamsimamisha mpwa wake Trent kugombea usherifu Novemba, na bango lao likawa kwenye kila uzio: JELA SI HOTELI.

Kulikuwa na mdahalo kwenye ukumbi wa shule. Trent alikuwa kijana nadhifu aliyewahi kufanya kazi ya polisi wa barabara kuu, mwenye shati lililopigwa pasi kila mahali.

"Je, ni kweli," akauliza, "kwamba unafunga watu wasio na hatia?"

"Taa zilikuwa zimevunjika," Wendell akasema.

"Walizivunja wenyewe!"

"Basi wana hatia."

Watu wakacheka, lakini niliona wengine hawacheki. Walikuwa wale wenye waume zao, watoto wao na meza zao zilizojaa. Kwao jambo lile lilikuwa aibu: kaunti nzima ya wakulima wenye heshima inachekwa Denver. Trent akauliza tena, kwa upole safari hii, kwa nini sherifu asiwaalike tu watu nyumbani kwake kama binadamu wengine. Wendell angeweza kumweleza. Angeweza kumtaja Emil. Alifungua mdomo, akawatazama wazee wake waliojaa safu ya nyuma, wote wameinamisha vichwa, kila mmoja akiomba asitajwe kuwa ni mpweke mbele za watu. Akafunga mdomo.

"Sina la kuongeza," akasema.

Hapo ndipo alipopoteza uchaguzi. Nilimkasirikia sana, na nilimpenda sana, nikashindwa kujua kipi kiende mbele.

Kura zilipohesabiwa ilionekana wazi kwamba aliowafunga wote walimpigia yeye, na aliowaacha huru wakampigia Trent. Bahati mbaya kaunti yetu ina watu huru wengi. Muda wake ungekwisha Januari, lakini makamishna hawakungoja. Waliamuru asubuhi yake kwamba jiko la jela lifungwe na asikamatwe mtu kwa kosa la taa, jogoo wala kuvuka barabara. Wendell aliosha masufuria, akayapanga, akarudi kulala kwenye nyumba yake ya upande wa kaskazini, kwenye barabara ile ile ya changarawe ya Emil. Mchana alikwenda ofisini, akakaa, akarudi.

Harlan ndiye aliyeliona kwanza. Mume wangu si mtu wa maneno, na macho yake hupima watu bila yeye kutaka, ndiyo kazi yake.

"Amepungua," aliniambia. "Mshipi umeingia matundu mawili."

"Mwalike."

"Nimemwalika. Ana kiporo."

Nikamwalika mimi. Opal akamwalika, Clifford naye akamwalika, jambo ambalo Clifford hajawahi kumfanyia mtu; ilibidi anunue kiti cha pili. Wote jibu moja. Mtu aliyetambua ugonjwa wetu kuliko yeyote, aliyewatibu wengine wote, alikuwa nao yeye mwenyewe mpaka kwenye mifupa. Sikukuu ya Shukrani ilipokaribia, siku ambayo kila familia hukusanyika mezani, Harlan alianza kuamka alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwuliza ana nini.

"Namwona Emil," akasema. "Nikifumba macho namwona mezani. Halafu kofia mapajani inakuwa ya Wendell."

Asubuhi ya sikukuu yenyewe, bata mzinga yuko ovenini, kengele ya nyumba ya mazishi ikalia. Sikukuu huwa tunajua maana ya kengele hiyo, nikavua aproni. Kumbe ni Clifford na Opal, na nyuma yao mama mkwe wa Pruitt aliyetoroka kwake na pai ya maboga.

"Harlan," Opal akasema, kwa ile sauti ya darasani, "sherifu wa kaunti hii anaendesha gari bovu. Taa ya nyuma imevunjika."

"Lini?"

Clifford akaficha nyundo nyuma ya mguu. "Sasa hivi. Nimepita kwake kabla ya kuja hapa. Kwa kweli zote mbili."

"Na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kumkamata," Opal akasema.

Harlan akakaa kwenye ngazi. "Opal, mimi sijawahi kumkamata mtu aliye hai. Sijui hata mtu anaanzaje."

"Unaanza kwa kuvaa viatu," nikamwambia. Nilikuwa tayari nimevaa vyangu.

Gari letu dogo lilikuwa kwa fundi, kwa hiyo tulikwenda na gari la maiti. Harlan aliendesha, mimi kando yake, na wale watatu nyuma, mahali pasipo na viti, wakigombana nani ameegemea pai. Njiani watu waliona gari la maiti linaelekea kaskazini wakavua kofia. Upepo ulikuwa mkali. Tulipita nyumba ya Emil, ambayo madirisha yake yamepigiliwa mbao.

Pikapu ya sherifu ilikuwa uani, taa zake zote za nyuma vipande vipande kwenye changarawe. Hakuna moshi kwenye bomba la jiko. Harlan alizima injini, akashuka. Mume wangu ameingia nyumba nyingi sana za namna ile.

Akabisha. Akabisha tena.

"Wendell! Fungua, ni Harlan."

"Kuna nini?" Sauti ikatoka ndani, nami nikamshukuru Mungu.

"Nimekuja kwa kazi."

"Kazi gani? Mimi sijafa."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi."

"Marlys yuko nawe? Mwambie asante, lakini sitaki kuwasumbua. Nina kiporo."

Harlan akanitazama. Kisha mume wangu, ambaye siku ya harusi yetu alijibu "ndiyo" kwa kichwa, akaweka kiganja mlangoni akasema kwa sauti ambayo sikuijua:

"Sikualiki, shemeji. Nakukamata. Taa zako mbovu, na sheria inasema ni mimi. Nisipokuchukua leo nitakuja kukuchukua siku nyingine, na siku hiyo hutasema una kiporo."

Nyuma yangu Opal alikuwa ameshika mkono wa Clifford, au Clifford wa Opal. Mlango ukafunguka.

Wendell alikuwa amesimama kwenye jiko lisilo na moto. Mezani hapakuwa na kiporo wala sahani. Alikuwa amevaa shati safi, na koti lake zuri limefungwa vifungo vyote, na kofia mkononi, imepigwa brashi.

Hakuna aliyeuliza alikuwa anakwenda wapi.

Akanyoosha mikono. Harlan akagundua hana pingu, akatafuta mifukoni, akatoa utepe tunaobandikia majina kwenye mabakuli, akamzungushia viganjani mara moja. Kisha akakwama.

"Haki," akasema. "Lazima nikusomee haki zako. Sizijui."

"Unazijua, ni..." Wendell akaanza, akakohoa, akasafisha koo. Akaanza kujisomea mwenyewe. Zikamtoka mbio, kwa sauti ile ya mnada, pale jikoni kwa Lorene, haki ya kunyamaza na wakili na kila kitu kwa pumzi moja, machozi yanamteremka na ulimi haupungui mwendo, mpaka akafika mwisho na mazoea yakamponyoka.

"Mara ya kwanza," akasema. "Mara ya pili..."

Nikanyanyua kidole.